Kisu cha Immakulata

Evodia Kokubanza wa Ijuganyondo alijaliwa sauti. Si ya kuimba, maana kwaya ya kanisani ilimjaribu Jumapili moja, na mwalimu wa kwaya akamwomba kwa heshima awe anasaidia kupanga viti. Sauti yake ilikuwa ya chini, nzito kidogo, kama ya mama anayeongea huku mtoto amelala mgongoni. Ukiisikia, mabega yanashuka yenyewe kabla hujayaamuru.

Mtaani sauti hiyo ilijulikana tangu mwaka ule meli ya Bukoba ilipozama ziwani. Kokubanza alikuwa bado mama kijana, mzaliwa wa kwanza yuko kifuani. Jirani yake alipoteza mume na mdogo wake katika safari hiyo moja, akakaa akitazama ukuta, hali, halii, hasemi. Wazee wa kanisa walikwenda na maneno, wakarudi nayo. Kokubanza alikwenda na kikapu cha ndizi. Akakaa chini kwenye nyasi karibu na yule mama, akaanza kumenya, hakusema kitu. Alipomaliza chane moja akamsogezea kisu cha pili. Yule mama akakitazama, akakichukua, akamenya moja, akamenya ya pili, na kwenye ya tatu machozi yakaanza kumtoka. Tangu hapo, msiba mzito ukitokea Ijuganyondo utasikia wakisema, "Kamwiteni Ma Evodia." Naye aliondoka pale na imani moja ambayo hakufundishwa na mtu: moyo ukifadhaika, ipe mikono kazi.

Basi akina mama wa makanisa mawili, Wakatoliki na Walutheri, walipoungana wakaanzisha Simu ya Kusikiliza pale Bukoba mjini (bibi zao wangeambiwa kwamba hao wawili watakaa chumba kimoja wasingeamini), jina la kwanza kutajwa lilikuwa lake. Chumba chenyewe kiko nyuma ya duka la vitambaa. Kina meza mbili, simu mbili, birika la chai na dirisha linaloangalia mgomba wa mtu. Mkuu wao ni Edvina, nesi mstaafu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Ndiye aliyewafundisha. Usihubiri. Usiseme "hata mimi yalinipata." Mtu akisema anataka kufa, usiruke neno, muulize waziwazi. Vitu vyenye makali viwekwe mbali na aliyefadhaika. Na usimuulize mtu ukoo wake.

Hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi.

"Sasa Mhaya utaongeaje naye kama hujui ni wa ukoo gani?" Kokubanza aliuliza siku ya mafunzo.

"Utaongea naye kama mtu mwenye maumivu," Edvina akasema. "Ukoo utamsubiri."

Mume wake, mzee Kahangwa, alilifanya jambo hilo zima kuwa utani wake wa jioni. "Nasikia mjini wamekupa kazi ya kunyamaza," alimwambia. "Hapa nyumbani hiyo kazi tutaianza lini?"

"Siku na wewe utakapokuwa na la maana la kusema," mkewe akamjibu, na Kahangwa akacheka mpaka akakohoa.

Kwa kweli kazi ilimkaa vizuri. Alikuja na ukili wake, akasuka mkeka huku anasikiliza, chombo cha masikio kichwani juu ya kitambaa, mwenyewe anajiona kama rubani. Walipiga wa kila aina. Binti aliyefeli mtihani na anaogopa kurudi kwa baba yake. Mwalimu wa shule kule Kimwani ambaye mke ameondoka na watoto. Mama aliyepiga kila Ijumaa, akalia dakika chache, akasema asante, akakata. Kokubanza hakuwaponya, wala hakujidai anawaponya. Alikaa nao tu mpaka pumzi zao zikarudi mahali pake.

Halafu akaja yule mzee wa mchana.

Siku ya kwanza hakusema neno. Kulisikika jogoo, na upepo kwenye majani ya migomba, na mtu anayepumua.

"Kama hutaki kuongea, tukae tu," Kokubanza akamwambia. "Mimi nipo."

Wakakaa. Simu ikakatika. Kesho yake, saa zilezile za chakula cha mchana, jogoo yuleyule akawika sikioni.

"Mama," sauti ya mwanaume mzee ikasema hatimaye. "Wewe ni mtu au ni mashine?"

"Ni mtu, tata," Kokubanza akamjibu, akimwita baba kwa Kihaya. "Nina magoti yanauma."

"Goti lipi?"

"Yote mawili."

Mzee akatoa pumzi puani, karibu iwe kicheko. Kisha akasema jina lake, bila kuulizwa. Aliitwa Clavery Rugaibula, wa Kagoma, na mke wake, Immakulata, walimzika pale kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watoto walikuja kutoka Mwanza na Dodoma, wakakaa siku za msiba, wakaomboleza vizuri, wakarudi makazini. Binti mkubwa, wa Mwanza, alitaka kumchukua. Alikataa. Nani atamwacha Immakulata peke yake na kibanja?

"Asubuhi si mbaya," alisema. "Asubuhi napalilia. Ni mchana. Alikuwa akiivisha anagonga mfuniko wa sufuria, mimi kule chini kwenye mibuni nasikia, napandisha. Sasa nafanya kazi mpaka jua linanizidi, nasubiri mfuniko. Nakumbuka hakuna wa kugonga. Basi nabaki nimesimama huko kama mti."

Ndivyo walivyozoeana. Alipiga mchana, akasimulia, Kokubanza akasuka na kuitikia kwa upole wa Kihaya, "Eee, waitu. Nakusikia." Edvina kwenye meza ya pili akijua ni nani, alikuwa akimmiminia Kokubanza chai bila kuuliza.

Siku moja sauti ya mzee ilikuja imebadilika. Ilikuwa imetulia mno, haina hata ule uchovu wake wa kawaida.

"Mama, nimekupigia kukushukuru," alisema. "Umenivumilia sana. Lakini naona sasa bora nimfuate mwenzangu."

Kokubanza aliacha kusuka. Sauti yake haikutetereka, maana hiyo ndiyo aliyojaliwa.

"Ta Clavery," alimwambia. "Unafikiria kujiua?"

Jogoo akawika. Upepo ukapita.

"Ndiyo," mzee akasema. "Nafikiria."

"Asante kwa kuniambia. Siendi popote. Leo umekula?"

"Juzi nilikunywa chai."

"Ndani hakuna kitu?"

"Mkungu upo jikoni. Niliukata mwenyewe, nikauingiza. Unaiva tu, sasa umeanza kunukia pombe. Nani wa kumenya? Mimi ni mwanaume, mama."

Hapo ndipo Kokubanza alipokosea. Wala lisingekuwa kosa la mtu wa kutoka mbali. Lilikuwa kosa la mama wa Kihaya aliyezaliwa jikoni penye ndizi, ambaye maisha yake yote ameona watu wakirudi kwenye uhai kwa njia ya maganda. Kabla akili haijamkamata ulimi, alisema:

"Basi chukua kisu, tata. Tumenye pamoja, mimi na wewe."

"Ninacho," mzee akajibu. "Kisu cha Immakulata. Nimekishika tangu asubuhi."

Ukili ulimtoka mkononi ukaanguka. Kule kutulia kwa sauti ya mzee sasa alikuelewa, akaelewa na alilolisema yeye. Akainua mkono juu, kama walivyokubaliana kufanya jambo likizidi, na Edvina akawa pembeni yake kabla mkono haujashuka, amevaa chombo cha pili masikioni.

"Jirani," Edvina akanong'ona. "Nani yuko karibu naye?"

"Ta Clavery," Kokubanza akasema, "nilikosea kukwambia ushike kisu. Nisamehe. Hicho kisu leo kisikae na wewe. Jirani yako wa karibu ni nani?"

"Kuna Kemilembe. Mjane. Ng'ambo ya uzio tu."

"Yupo?"

"Namsikia anafukuza kuku."

"Nataka umpelekee hicho kisu akutunzie. Sasa hivi, na simu usiikate. Tutakwenda wote."

"Nitamwambia nini? Mwanaume mzima nampelekea mwanamke kisu cha jikoni. Nimwambie kinataka kunolewa?"

"Usimdanganye. Mwambie ukweli."

"Ukweli una aibu."

"Najua, waitu. Ubebe hivyohivyo. Mguu wa kwanza ndio mzito."

Kikasikika kiti kikisogezwa. Kisha majani makavu yakivunjika chini ya miguu, polepole, mtu mzima anayetembea bila chakula tumboni. Kokubanza alitembea naye. Alimuuliza anachokiona, na mzee akamtajia: mgomba unaotaka kuegemezwa kwa mti, mbuni ulioshika vizuri, kaburi. Kwenye kaburi alisimama.

"Pita, tata," Kokubanza akasema. "Msalimie, upite. Hajakuita."

Edvina alifumba macho. Majani yakaanza tena kuvunjika.

Kisha zikaja salamu, zile ndefu za Kihaya zisizoruka mtu wala mifugo, na sauti ya mwanamke, kali, ya kuchekesha, iliyosikika ingawa simu haikuelekezwa kwake.

"Ta Clavery, unanijia na kisu? Umeniletea nyama, au umekuja kumchinja huyu kuku mwizi? Mchinje, nimekupa ruhusa."

Hakuna aliyecheka. Kokubanza alihesabu pumzi zake mwenyewe ili asiongee. Kuna wakati sauti nzuri kuliko zote ni ile inayokaa kimya.

"Kemilembe," mzee akasema. "Nitunzie hiki. Moyo wangu si mzuri. Nisikae nacho."

Kuku walisikika. Kisha yule mwanamke akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Lete. Lete, shemeji yangu. Na wewe kaa hapa. Kaa kwenye mkeka. Nina maharage motoni."

Kokubanza aliomba apewe yule mama simu, mzee akakubali. Edvina naye akazungumza naye: asimwache peke yake leo, binti wa Mwanza apigiwe, kesho apelekwe zahanati wamwone. "Mimi nitakwenda naye mwenyewe," Kemilembe alisema. "Na kisu nimekitia mahali ambapo hata mimi nitakisahau." Baada ya hapo kulisikika kijiko kikigonga sahani, na simu ikakatwa kwa amani.

Kokubanza alivua chombo cha masikio.

"Nimemwambia mtu ashike kisu," alisema.

"Umemwambia," Edvina akasema, akaokota ukili chini. "Na usirudie. Kwanza uliza alichonacho, halafu ndipo uzungumze habari za kazi ya mikono." Akamwekea ukili magotini. "Lakini kisu alikuwa nacho kabla yako, dada yangu. Kunywa chai."

Kokubanza alikunywa chai. Ilikuwa mara ya kwanza Edvina kumwita dada yangu, na jioni ile, kwa fahari yake yote, alimsimulia Kahangwa hilo tu. Mengine ya chumba kile hayatoki.

Binti alikuja kutoka Mwanza. Daktari alimwona mzee, akampa dawa na siku za kurudi. Lakini kisu hakikurudi nyumbani. Mzee mwenyewe alilisema hilo mbele ya binti yake: kikae kwa Kemilembe, na yeye akitaka kula ndizi atakwenda kukiomba, atamenya pale mlangoni huku anaonekana, atakirudisha. Basi kila mchana, badala ya kusubiri mfuniko wa sufuria, alibeba ndizi zake kwenye beseni akavuka uzio. Akimaliza, alipiga simu Bukoba kutoa habari.

"Leo nimemenya saba."

"Saba. Na maganda?"

"Kemilembe anasema nayakata manene. Anasema ndizi nampa ng'ombe wake, mimi nakula maganda."

"Ni kweli!" sauti ya Kemilembe ikasikika kwa mbali. "Mwambie huyo mama wa Bukoba, ng'ombe wangu ananenepa mpaka naona aibu!"

"Na utomvu?" Kokubanza akauliza.

"Mikono imekuwa myeusi kama ya fundi baiskeli. Immakulata alikuwa anautoaje?"

"Paka mafuta ya kula kabla hujaanza. Hakukwambia?"

"Sikumuuliza," mzee akasema. "Miaka yote ile, mama. Nilikula, sikumuuliza."

Kokubanza alimwacha akae na hilo. Halikuwa la kufutwa.

Fikra yenyewe haikuondoka kama mgeni anayeaga. Siku nyingine sauti ilikuja nzito, na Kokubanza akamuuliza waziwazi, naye akajibu waziwazi. Wakakubaliana jambo: ikifika saa tisa mchana hajapiga, Kokubanza ana ruhusa ya kumpigia Kemilembe.

Ikaja siku hiyo. Saa nane ikapita. Binti mmoja alipiga kuhusu mchumba wake, Kokubanza akamsikiliza vizuri kama wote, lakini jicho lilikuwa ukutani kwenye saa. Saa tisa alimpigia Kemilembe. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akampigia mzee. Ikaita, ikachoka.

"Mpigie binti," Edvina akasema.

Binti alikuwa kazini Mwanza, hakujua lolote, na sasa wakawa watatu wenye hofu badala ya wawili. Kokubanza alisimama, akaketi. Alishika ukili, akasuka vibaya, akafumua. Kahangwa, aliyekuja mjini kumchukua, alichungulia mlangoni na utani wake tayari mdomoni, akaona uso wa mkewe, akaumeza, akaenda kukaa kwenye ngazi nje.

Simu ilipoita, Kokubanza aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Ndani yake kulikuwa na kelele kama za sokoni: watu, kuni zikipasuliwa, wanawake wakicheka na mwingine akilia.

"Mama, nisamehe," mzee Clavery akasema kwa nguvu ili asikike. "Ni msiba. Mama yake Kemilembe amefariki alfajiri. Hapa watu wamejaa, simu niliiacha kwenye koti."

Kokubanza alishika meza. "Pole, tata. Pole sana. Na wewe uko wapi hapo?"

"Niko na akina mama. Namenya."

"Unamenya msibani? Mbele ya watu?"

"Alinitoa Kemilembe mwenyewe. Nilikuwa kule kwenye kuni na wanaume wenzangu. Akaja, macho yamemvimba, kisu mkononi. Akaniambia, 'Ta Clavery, leo mimi sina mikono. Shika hiki.' Mbele ya wote. Ningesemaje?"

"Na wanaume?"

"Wamenicheka mpaka shoka limemponyoka mmoja. Wanasema Rugaibula amegeuka shangazi. Nikawaambia jioni tutaona nani atakataa kula ndizi za shangazi." Alipumua. "Akina mama nao wanayaangalia maganda yangu, wanatikisa vichwa. Lakini wamenipa nafasi kwenye mkeka."

Kokubanza alitaka kucheka, akataka kulia, lakini kazi ni kazi.

"Ta Clavery, na ile fikra leo?"

"Asubuhi ilikuja," mzee akasema. "Ikakuta watu wengi. Haikupata pa kukaa."

"Na kisu jioni kitalala wapi?"

"Kwa Kemilembe, palepale pake." Akashusha sauti, na Kokubanza akalazimika kubonyeza chombo sikioni ili apate maneno. "Watu hawa wataondoka, mama. Nawajua, walikuwa kwangu. Watamaliza siku zao, wakunje mikeka. Huo mchana wa kwanza bila watu ndio mbaya, na yeye hajui. Sasa mimi nitakuwa na sababu ya kwenda. Nitamwambia nimefuata kisu."

Mtu akamwita pale, akajibu anakuja, akaaga haraka kama mtu mwenye shughuli. Kokubanza alibaki ameshika simu iliyokatika. Edvina alikuwa amevua miwani anaifuta, na ilichukua muda kutakata.

Kahangwa hakumuuliza kitu njiani. Walipofika Ijuganyondo jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Kokubanza akaleta kikapu cha ndizi, beseni la maji na visu viwili, akaviweka kwenye kibaraza, mbele ya miguu ya mume wake.

"Unajua kumenya?" alimuuliza.

"Mimi?" Kahangwa akasema. "Mimi ni mwanaume."

"Ndiyo maana nauliza. Paka mafuta mikononi. Kaa hapa."

Kahangwa alimtazama, akaona si utani, akaketi. Ndizi ya kwanza aliikata ganda nene kama kisigino. Kokubanza aliliona likianguka kwenye nyasi, na ndizi iliyobaki nyembamba kama kidole, na maneno yakamjaa mdomoni. Akanyamaza. Akampa ya pili.